Somo la Redio kwa Madarasa ya Watu Wazima: Damu Inapoganda kwa Mgonjwa wa Akili Aliyelazwa

  Natumaini kila mmoja ameketi mahali anaposikia vizuri, na ukurasa huu umo mikononi mwenu, ili anayekosa neno kwa sikio alipate kwa jicho.

Kabla hatujaanza, mwalimu aandike ubaoni maneno matano: damu, mshipa, ganda, donge, pafu. Yasomeni pamoja kwa sauti. Haya, mara ya pili. Vizuri. Maneno hayo matano ndiyo tutakayotembea nayo leo.

Somo letu ni habari ya afya. Tunataka kuzungumza juu ya hatari moja inayowapata wagonjwa wa akili wanapolazwa hospitalini. Hatari hiyo haimo kichwani. Imo miguuni. Damu huganda ndani ya mshipa wa mguu, ikawa donge. Kisha donge lile hukatika, likasafiri mpaka kwenye mapafu na kuziba njia ya damu huko. Donge kubwa laweza kumwua mtu kwa muda wa dakika chache, hata akiwa kijana mwenye nguvu. Lakini mara nyingi laweza kuzuiwa, na njia nyingi za kulizuia si za gharama kubwa.

Pengine mmoja wenu anasema moyoni, "Jambo hili lanihusu nini mimi? Kwetu hakuna mgonjwa wa akili." Ndugu yangu, ugonjwa wa akili hauchagui ukoo. Huingia kwa tajiri na kwa maskini, kwa msomi na kwa asiyesoma. Hospitali za Mirembe kule Dodoma, Mathari kule Nairobi na Butabika kule Kampala hazikujengwa kwa ajili ya kabila moja au dini moja. Leo ni mtoto wa jirani, kesho pengine ni ndugu yako wa tumbo moja. Basi yafaa tujue.

Damu huganda kwa nini?

Tuanze na kitu tunachokijua. Ukijikata kwa kisu shambani, damu hutoka, kisha baada ya muda hukauka na kufunga kidonda. Huko ndiko kuganda. Kama damu isingeganda, mkato mdogo ungetuua. Kwa hiyo kuganda kwa damu ni jambo jema, linapotokea mahali pake. Shida huja damu inapoganda ndani ya mshipa ambao haukukatwa.

Fikirini maziwa. Maziwa yakiachwa yametulia ndani ya kibuyu siku mbili tatu, huganda. Damu si maziwa, na namna yake ya kuganda ni nyingine. Lakini mfano huu utatusaidia kukumbuka jambo moja: damu nayo haipendi kusimama. Damu inayokwenda mbio haigandi upesi. Damu inayolala huganda.

Sasa, damu huendaje? Moyo huisukuma kwa nguvu. Wekeni vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, nanyi mtasikia mapigo yake. Damu hushuka mpaka miguuni bila taabu. Lakini inaporudi juu ina kazi kubwa, kwa maana inapanda mlima, na nguvu ya moyo imekwisha kupungua njiani. Nani huisaidia kupanda?

Shikeni shavu la mguu, ile nyama iliyo nyuma, chini ya goti. Wengine huiita kigimbi. Nyama hiyo ni pampu. Mtu anapotembea, hukaza na kulegea, hukaza na kulegea, kama mkono wa mtu anayekamua ng'ombe. Kila inapokaza huibana mishipa iliyo katikati yake, na damu hupanda. Ndani ya mishipa hiyo mna vilango vidogo vinavyofunguka kwa juu tu, hivyo damu iliyokwisha kupanda hairudi chini. Basi anayetembea anaisukuma damu yake bila kujua. Anayelala kitandani siku nzima ameisimamisha pampu.

Daktari mmoja Mjerumani, jina lake Rudolf Virchow, alichunguza jambo hili katika miaka ya 1840 na 1850. Alipasua maiti nyingi ili ajue watu wale walikufa kwa nini. Aliona madonge ya damu ndani ya mishipa ya mapafu, na akaonyesha kwamba hayakuanzia mapafuni. Yalitoka mbali, kwenye mishipa ya miguu na ya sehemu za chini za mwili, yakachukuliwa na damu mpaka huko. Kutokana na kazi yake, madaktari hufundishwa sababu tatu za damu kuganda mshipani. Ziandikeni:

1. Damu kutembea polepole au kusimama.
2. Ukuta wa mshipa kuumia.
3. Damu yenyewe kubadilika, ikawa nyepesi kuganda.

Virchow alizaliwa tarehe 13 Oktoba mwaka 1821. Tangu mwaka 2014, tarehe hiyo ya kila mwaka imekuwa siku ya kuwakumbusha watu duniani kote hatari ya damu kuganda.

Kwa nini mgonjwa wa akili?

Sasa mtauliza: kila mgonjwa hulala kitandani, kwa nini tumtaje mgonjwa wa akili peke yake? Swali zuri. Ni kweli kwamba mtu aliyepasuliwa, au aliyevunjika mguu, yumo katika hatari hii. Lakini katika wodi za upasuaji hatari hii imejulikana siku nyingi, na wauguzi hukumbuka kuwainua wagonjwa upesi. Katika wodi ya akili watu hutazama kichwa, wakasahau miguu. Huku sababu zenyewe zimo tele. Nitazitaja nne.

Ya kwanza ni kutulia kupita kiasi. Kuna huzuni kubwa ambayo humfanya mtu alale akitazama ukuta, asitake kuinuka wala kunena. Kuna hali nyingine iitwayo katatonia. Daktari Karl Kahlbaum wa Ujerumani aliieleza katika kitabu mwaka 1874. Mtu mwenye katatonia anaweza kukaa saa nyingi bila kujongea, mkono umeinuliwa hewani, kama mti uliopandwa. Halali, hasemi, hali. Damu ya miguu yake inasimama pamoja naye. Katatonia ina dawa zinazoitibu vizuri, na kila siku ya kuchelewa kuitibu huongeza hatari ya donge.

Ya pili ni kufungwa. Mgonjwa akiwa na ghasia nyingi, mahali pengine hufungwa kitandani kwa mikanda au kwa vitambaa. Miguu iliyofungwa haina pampu. Tena mgonjwa hujivuta na kushindana na mikanda ile, na mishipa huweza kuumia. Mwaka 2014 madaktari wa Japani walitoa habari za wagonjwa wa akili waliofungwa hospitalini, ambao walichunguzwa kwa kupimwa mishipa. Katika kila wagonjwa 100, kama 11 au 12 walikutwa na damu iliyoganda ndani ya mishipa ya miguu. Hebu fikirini: ni zaidi ya mmoja katika kila kumi. Na imepata kuonekana kwamba mgonjwa amefunguliwa, akasimama, akapiga hatua za kwanza, mara akaanguka chini. Donge lililokuwa limetulia mguuni lilipata njia.

Ya tatu ni dawa. Hapa nawaomba msikilize kwa makini, msije mkanielewa vibaya. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, madaktari Jean Delay na Pierre Deniker walianza kuwapa wagonjwa wa akili dawa iitwayo kloropromazini. Dawa hiyo na nyingine zilizoifuata zilileta mabadiliko makubwa. Watu waliokuwa wakipiga kelele usiku kucha walipata utulivu, na wengi walirudi kwao. Lakini katika miaka ile ile ya 1950, madaktari wa Ujerumani walianza kuona damu ikiganda kwa baadhi ya waliotumia dawa hizo. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umethibitisha kwamba hatari ipo. Dawa hizi huweza kumfanya mtu asinzie, aketi sana, tena anenepe.

Je, hatari hiyo ni kubwa kiasi gani? Mwaka 2010 ulitolewa uchunguzi mkubwa wa Uingereza, juu ya watu waliotibiwa na madaktari wa kawaida nje ya hospitali. Ulikadiria kwamba watu 10,000 wakitumia dawa hizi kwa mwaka mmoja, watu 4 zaidi watapata donge la damu, kuliko kama wasingetumia. Kwa wazee wa miaka 65 na zaidi, ni watu 10 zaidi. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa walioanza dawa karibuni. Mwaona basi: kwa mtu anayetembea na kufanya kazi zake hatari ni ndogo, na faida ya dawa ni kubwa. Asitoke mtu darasani humu akamnyang'anya ndugu yake dawa. Lakini dawa hiyo ikikutana na kitanda, na kamba, na kiu, hatari hupanda.

Ya nne ndiyo hiyo kiu. Mgonjwa wa akili anaweza kukataa maji kwa sababu anaamini yametiwa sumu. Mwingine husahau kunywa. Mwingine hupiga kelele na kutoka jasho siku nzima. Mwili ukikosa maji, damu huwa nzito, na damu nzito huganda upesi.

Juu ya hizo nne, ongezeni zile zinazompata mtu ye yote: uzee, unene mwingi, saratani, kupasuliwa karibuni, au kupata donge zamani. Na tumtaje hasa mama aliyejifungua. Mama huweza kupatwa na ugonjwa mkali wa akili katika majuma ya kwanza baada ya kuzaa. Majuma sita hayo hayo ndiyo ambayo damu yake huganda kwa urahisi zaidi. Mama huyo akilazwa na kulala tu, ana hatari juu ya hatari. Daktari aambiwe waziwazi, "Amejifungua tarehe fulani."

Mfano wa Musa

Sasa nitawapa mfano. Mtu huyu si halisi, nimemtunga ili somo lieleweke. Tumwite Musa.

Musa ana miaka 34. Ameletwa hospitalini akiwa na ghasia. Siku mbili alifungwa kitandani, na siku mbili nyingine alilala kwa nguvu ya dawa. Maji amekunywa kidogo sana. Siku ya tano anaanza kulia, "Nyoka! Nyoka ameingia mguuni mwangu! Anapanda!"

Hapa pana njia mbili. Njia ya kwanza ni hii. Muuguzi anasema, "Ndiyo wazimu wake huo," anamwongezea dawa ya usingizi na kwenda zake. Usiku Musa anahema kwa nguvu, anashika kifua, anataka kutoka nje. Watu wanasema ghasia zimerudi. Wanamfunga tena. Asubuhi wanamkuta amekufa.

Njia ya pili ni hii. Muuguzi anakaribia na kusema, "Pole, kaka Musa. Nyoka yuko mguu gani?"

Musa anasema, "Wa kushoto, dada."

"Niruhusu niutazame."

Anafunua shuka. Mguu wa kushoto umevimba kuliko wa kulia. Anaugusa kwa upande wa nyuma wa mkono wake, na una joto. Anamwita daktari. Musa anapimwa kwa mashine inayopiga picha kwa mawimbi ya sauti, iitwayo altrasaundi. Donge laonekana. Anaanzishwa dawa siku hiyo hiyo.

Je, hapakuwa na nyoka? Hapakuwa na nyoka. Lakini palikuwa na maumivu. Mgonjwa aliyasema maumivu yake kwa maneno aliyokuwa nayo. Ugonjwa wake wa akili haukuisha siku ile, lakini Musa alikuwa hai apate kutibiwa.

Ndugu zangu, kama mtasahau yote niliyosema leo, lishikeni hili moja: mgonjwa wa akili anapolalamika mwili, mwili utazamwe. Maneno yake yaweza kuwa yamechanganyika, lakini mguu uliovimba hausemi uongo.

Dalili za kutazama

Dalili za mguuni ni hizi. Mguu mmoja huvimba, mara nyingi kwenye kigimbi, na pengine mpaka pajani. Huuma au huwa mzito. Huwa na joto. Ngozi huweza kuwa nyekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Kwa hiyo msitegemee rangi. Tegemeeni mkono wenu: gusa mguu wa kulia, gusa wa kushoto, linganisha.

Wako wanaotoka pwani watakaouliza, "Je, si matende hayo?" Matende huja polepole, kwa miezi na miaka. Donge la damu huvimbisha mguu kwa saa chache au siku chache. Na miguu yote miwili ikivimba sawasawa, pengine ni ugonjwa mwingine, kama wa moyo au wa figo. Nao pia ni wa kumwambia daktari.

Kuna njia ya kupima ambayo kila mtu darasani aweza kujifunza. Chukueni uzi na rula. Chini ya goti, kwa mbele, kuna mfupa uliotokeza kidogo. Kutoka hapo shukeni sentimita 10, mtie alama. Zungusheni uzi mahali hapo, kisha upimeni uzi kwa rula. Fanyeni hivyo mguu wa pili. Madaktari huhesabu tofauti inayozidi sentimita 3 kuwa ni dalili mojawapo ya donge. Tofauti ikiwa ndogo, lakini mguu unauma na una joto, bado mwambieni daktari, kwa kuwa donge jingine halivimbishi mguu hata kidogo.

Dalili za kifuani ni hizi. Mtu hukosa pumzi kwa ghafula. Kifua humchoma, hasa anapovuta pumzi ndefu. Moyo hupiga mbio. Pengine hukohoa damu. Pengine huzimia. Hapo pasiwe na kungoja. Mwite muuguzi, mwite daktari, saa hiyo hiyo. Mtu asiyepata pumzi huingiwa na hofu na kuhangaika. Katika wodi ya akili ni rahisi kusema, "Ana hofu tu." Kwanza wapime pumzi na mapigo ya moyo, ndipo waseme ni hofu.

Hospitali hufanya nini?

Hospitali inayojua kazi yake humwuliza kila mgonjwa wa akili anayelazwa maswali machache: Je, anatembea? Anakunywa? Alipata kuwa na donge? Amejifungua? Amepasuliwa? Kule Uingereza, mwongozo wa matibabu wa mwaka 2018 uliagiza kwamba wagonjwa wa akili wanaolazwa kwa ugonjwa mkali wapimwe hatari hii, sawa na wagonjwa wa wodi nyingine. Hutazamwa pia kama mgonjwa ni mwepesi wa kutokwa damu, maana dawa ya kuzuia kuganda haimfai kila mtu.

Kisha humtembeza. Mgonjwa asiyeweza kutembea huinuliwa aketi, na miguu yake huchezeshwa. Hupewa maji mara kwa mara. Haachwi amefungwa, na ikibidi kumfunga, huwa ni kwa muda mfupi uwezekanao, miguu hutazamwa, na mara akitulia hufunguliwa.

Mwenye hatari kubwa huweza kupewa dawa. Ya sindano iko heparini, iliyogunduliwa mjini Baltimore, Marekani, mwaka 1916. Ya vidonge iko wafarini, na habari yake itawapendeza wafugaji. Katika miaka ya 1920, ng'ombe wa Marekani ya Kaskazini walikuwa wakitokwa damu mpaka kufa baada ya kula majani makavu yaliyooza ukungu. Mtaalamu Karl Link na wenzake wa Wisconsin walitafuta ndani ya majani yale kitu kinachozuia damu kuganda, wakakipata. Kutokana na kazi hiyo ilitengenezwa wafarini. Mwaka 1948 ilitumika kuua panya, na mwaka 1954 ikakubaliwa kuwa dawa ya watu. Sumu ya panya, kwa kipimo cha daktari, ikawa dawa. Siku hizi kuna na vidonge vingine vipya.

Aliyepata donge hutumia dawa hizi kwa muda wa miezi mitatu au zaidi. Akirudi nyumbani, jamaa wamsaidie asisahau. Akitokwa damu puani bila kukoma, au choo kikiwa cheusi, au akianguka na kujipiga kichwa, arudishwe hospitalini upesi.

Jamaa wafanye nini?

Wengine hudhani wakimfikisha mgonjwa hospitalini kazi yao imekwisha. Haikwisha. Mkiruhusiwa kumtembelea, fanyeni haya.

Kwanza, tembea naye. Mshike mkono, mzunguke uwanja. Ukimkuta amelala, mwambie, "Mama, inuka tunyooshe miguu." Kama hawezi kuinuka, mwombe avute vidole vya miguu juu, kisha avisukume chini, mara kumi, kila saa. Pampu ya kigimbi itafanya kazi hata kitandani.

Pili, mpe maji au uji, kama wauguzi hawakukataza. Anayeogopa sumu, mmiminie mbele ya macho yake, nawe unywe kwanza.

Tatu, itazame miguu yake yote miwili kila unapofika. Uliza, "Pumzi yako ni nzuri?"

Nne, sema. Ukiona mguu umevimba, usione haya mbele ya koti jeupe. Sema hivi: "Dada muuguzi, mguu wa ndugu yangu umevimba upande mmoja. Amelala siku tano. Tafadhali mwite daktari autazame." Maneno hayo ni mafupi, nayo yanatosha.

Na kuna mambo ya kuacha. Usiuchue kwa mafuta mguu uliovimba ghafula, wala usiukande kwa nguvu. Najua ni desturi yetu, na mkono wa mama hutuliza maumivu. Lakini kuukanda mguu wenye donge kwaweza kulisukuma donge lisafiri. Usiseme, "Amekanyaga uchawi," ukamtoa hospitalini kumpeleka penginepo. Mguu huo hauwezi kungoja safari. Usimpe dawa za kuzuia damu kuganda kwa kujinunulia dukani. Wala usimwachishe dawa zake za akili bila shauri la daktari.

Tukusanye somo

Basi tukusanye tuliyojifunza. Damu isiyotembea huganda. Pampu yake ni shavu la mguu. Mgonjwa wa akili aliyelazwa huweza kutulia sana, kufungwa, kupewa dawa nzito na kukosa maji, na yote hayo huileta hatari karibu. Dalili ni mguu mmoja uliovimba, na pumzi inayokatika ghafula. Kinga ni kutembea, kunywa, kufunguliwa mapema, na kusikilizwa. Mtu hapotewi na mwili kwa sababu amepotewa na akili. Ana miguu, ana mapafu, ana moyo, kama mimi nawe.

Sasa maswali ya darasa. Jibuni kwa maandishi, kila mmoja kwa mkono wake.

1. Pampu ya damu iliyo mguuni iko wapi?
2. Taja sababu nne zinazomletea hatari mgonjwa wa akili aliyelazwa.
3. Mguu wa kushoto wa mgonjwa umepimwa, ni sentimita 38. Wa kulia ni sentimita 34. Tofauti ni ngapi? Je, mwambie nani?
4. Kwa nini si vizuri kuuchua mguu uliovimba ghafula?
5. Andika sentensi mbili utakazomwambia muuguzi.

Tena, wawili wawili, pimaneni vigimbi kwa uzi kama nilivyoeleza, mwandike hesabu zenu. Msicheke sana, mtu mwenye miguu myembamba naye ni mtu.

Mkiwa na ndugu aliyelazwa, someni ukurasa huu pamoja nyumbani, kisha nendeni mkamtazame miguu.